Shokapu Iliyopangwa kwa Mtu Mwingine

Msikilizaji, pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, kiwe cha Mbagala, cha Mwanza au cha Kisumu ng'ambo ya mpaka, uiname utazame shokapu za nyuma za pikipiki yoyote iliyoegeshwa pale. Kwenye ncha ya springi utaona ringi ya chuma yenye vidato, mara nyingi vitano, na mikato midogo ya kushikia spana ya ndoano. Ringi hiyo imewekwa pale ili izungushwe. Kwenye pikipiki nyingi haijazungushwa tangu siku iliyotoka dukani. Tope limeshaigandisha, kutu imeishika, na spana yake iliyokuja kwenye mfuko wa vifaa ilipotea kabla tairi la kwanza halijaisha. Hoja yangu leo ni kwamba ringi hiyo ni kifaa cha usalama kisichogharimu hata shilingi, na kwamba vitu tunavyofanya badala ya kuigusa, yaani kuongeza springi, kuchomelea vyuma na kujaza oili kupita kiasi, vinaturudisha nyuma.

Tuanze na swali la nani aliyepangiwa pikipiki. Kiwanda hakikujui. Kinatengeneza maelfu ya pikipiki zenye springi ya aina moja, na lazima kichague mtu wa kufikirika wa kumpangia. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zikihesabu uzito wa pikipiki pamoja na dereva, humchukulia dereva kuwa na kilo 75. Sasa mtazame dereva wetu. Huenda ana kilo 58, huenda ana 95. Asubuhi yuko peke yake, saa mbili amembeba mama anayewahi sokoni na kapu lake, mchana amefunga mtungi mkubwa wa gesi kwenye keria, jioni amebeba gunia la mkaa. Yule mtu wa kufikirika wa kiwandani hayupo hata saa moja ya siku hiyo. Kiwanda kinalijua hilo, ndiyo maana kikaweka vidato. Kumaliza kazi ya kupanga shokapu kumeachwa mikononi mwa mtumiaji, na sisi tumeipokea pikipiki tukidhani kazi imekwisha.

Ili tuelewane, tupige hesabu kidogo, na anayependa anaweza kuiandika kwenye kiganja. Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo kila springi inaitii hadi leo: inabonyea kwa kadiri ya uzito inaotwishwa. Ukiongeza uzito mara mbili, inabonyea mara mbili. Tuchukue mfano wa pikipiki ambayo springi zake mbili za nyuma, zikifanya kazi pamoja, zinabonyea milimita 1 kwa kila kilo 2, na gurudumu la nyuma lina nafasi ya kupanda na kushuka milimita 90. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini haziko mbali na pikipiki ndogo za kazi. Pikipiki yenyewe, bila mtu, inazama milimita 10. Anapanda dereva wa kilo 60. Uzito wake hauendi wote nyuma; tuseme kilo 36 zinaangukia gurudumu la nyuma, nalo linazama milimita 18 zaidi. Jumla ni 28 kati ya 90, yaani karibu theluthi moja. Hapo mafundi wa mashindano na mafundi wa mtaani wangekubaliana, kwa sababu theluthi moja ndicho kipimo kinachotajwa sana duniani kwa njia mbovu. Kwa lami nzuri, milimita 30 hadi 40 ndizo zinazotajwa zaidi.

Sasa apande abiria wa kilo 80. Yeye amekaa karibu kabisa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kilo kama 72 zinashuka palepale. Milimita 36 nyingine zimeliwa. Tumefika 64 kati ya 90, na hata hatujaondoka kijiweni. Nafasi iliyobaki ya kupokea shimo, tuta au rasta ni milimita 26, ambayo ni upana wa vidole viwili vyembamba. Kwenye tuta lisilochorwa rangi, shokapu inafika mwisho wake, inagonga mpira wa kuzuia, na kuanzia hapo pikipiki haina springi tena. Pigo lote linakwenda kwenye fremu, kwenye spoki, kwenye mgongo wa abiria. Lililo baya zaidi kuliko maumivu ya mgongo ni kwamba gurudumu hurushwa juu, na tairi lililo hewani halina breki wala halishiki kona.

Hapa ndipo ringi inapoingia, na hapa pia ndipo kuna kutoelewana kukubwa. Wengi husema ukipandisha vidato unaifanya springi kuwa ngumu. Hapana. Springi ni ileile. Bado inabonyea milimita 1 kwa kilo 2. Unachofanya ni kuibana kidogo kabla haijabebeshwa, ili ikibebeshwa, mkia wa pikipiki usimame juu zaidi. Ringi ikitoka kidato cha kwanza hadi cha tano, tuseme inainua milimita 15. Yule dereva na abiria wake waliokuwa wamezama 64 sasa wamezama 49, na nafasi ya kupokea pigo imeongezeka kutoka 26 hadi 41. Nyongeza hiyo ni zaidi ya nusu ya nafasi waliyokuwa nayo, na imepatikana kwa kuzungusha mkono. Tofauti kati ya kuibana springi na kuifanya ngumu inaweza kuonekana ni ya kitaalamu mno kwa mazungumzo ya redio, lakini ndiyo inayoamua kama ringi inatosha au unahitaji springi nyingine kabisa.

Kujua pikipiki yako inazama kiasi gani si kazi ngumu. Inahitaji watu watatu na utepe wa fundi cherehani. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama yoyote usiyoweza kuikosea kwenye kiti au fremu. Andika. Ishushe chini, mmoja aishike isimame wima, uitikise kidogo, kisha pima tena. Halafu dereva apande na vitu anavyovaa kazini, helmeti na koti, miguu kwenye vikanyagio, na upime mara ya tatu. Shokapu za bei rahisi zina msuguano, kwa hiyo zikikandamizwa na kuachiwa polepole zinasimama mahali pamoja, na zikiinuliwa na kuachiwa zinasimama mahali pengine. Chukua vipimo vyote viwili ushike cha katikati. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo uzamaji wa dereva. Tofauti ya cha kwanza na cha pili ni uzamaji wa pikipiki yenyewe, nao una siri yake. Kama umekaza ringi hadi uzamaji wa dereva ukawa sawa, lakini pikipiki ikiwa peke yake haizami hata kidogo, maana yake springi ni laini mno kwako na umeilazimisha. Kama pikipiki peke yake inazama sana ilhali dereva akiwa juu kipimo ni sahihi, springi ni ngumu mno kwako. Watu wengi husikia hilo wakadhani nimegeuza maneno. Sijageuza: springi laini inahitaji kubanwa sana ili imwinue mtu mzito, na ikishabanwa hivyo haiachii pikipiki tupu ishuke.

Atasimama mtu aseme: sisi si watu wa mashindano, tunakwenda kilomita 40 kwa saa mjini, mambo ya milimita waachieni wanaoshindana. Ningekubali kama madhara ya mkia kuzama yangesubiri mwendo mkali. Hayasubiri. Fikiria taa ya mbele. Pikipiki hizi zina urefu wa kama mita moja na robo kati ya ekseli na ekseli. Mkia ukizama milimita 36 kwa sababu ya abiria, pua inainuka kama nyuzi moja na nusu. Ni kidogo, lakini ukiifuata miale ya taa hadi mita 25 mbele, imepanda takriban sentimita 70. Taa iliyokuwa inaangaza lami sasa inaangaza macho ya dereva wa daladala anayekuja, na shimo lililo mbele yako limebaki gizani. Kila usiku tunalaumiana barabarani kuhusu taa kali, na sehemu ya ukali huo ni pikipiki zilizokalia mkia. Pembe hiyohiyo pia inalaza shokapu za mbele kuelekea nyuma na kulipunguzia gurudumu la mbele mzigo wake wa kawaida. Usukani unakuwa mzito kuugeuza na wakati huohuo mwepesi wa kuyumba kwenye mchanga. Dereva huita hali hiyo pikipiki kuelea, na humlaumu abiria kwa kutotulia.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na linatoka kwa mafundi. Wanasema: kwa nini tuhangaike na vidato wakati tunaweza kuifanya shokapu iwe ngumu mara moja, tukaongeza springi ya pili ndani, au tukafunga jozi nyingine ya shokapu kando ya zile za kiwandani? Pikipiki ngumu ni pikipiki imara. Nawaelewa, wanamhudumia mteja anayebeba mkaa na anayetaka mkia usiguse chini. Lakini kuzama si kasoro ya kuondolewa. Gurudumu linahitaji kuweza kupanda likikutana na tuta, na linahitaji vilevile kuweza kushuka likikutana na shimo. Ile theluthi moja ya kuzama ndiyo nafasi ya kushukia. Pikipiki isiyozama kabisa, ikifika kwenye shimo, inabaki juu na gurudumu linaachwa hewani, kisha linatua kwa kishindo upande wa pili. Mteja aliyebeba mkaa safari moja anarudi bila mzigo, na safari hiyo ya kurudi, kwa springi zilizoongezwa, ndiyo yenye hatari.

Tena springi haifanyi kazi peke yake. Ukiibonyeza inahifadhi nguvu, na lazima iirudishe. Kinachoizuia isiirudishe yote kwa mpigo ni oili iliyo ndani ya shokapu, inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Pikipiki ziliishi miaka mingi bila mpango mzuri wa jambo hili. Ilikuwa mwaka 1935 ndipo BMW ilipoleta sokoni R12 yenye shokapu za mbele za bomba zinazotulizwa kwa oili. Vitundu vya shokapu ya kiwandani vimepimwa kwa springi ya kiwandani. Ukiongeza springi bila kubadili vitundu, nguvu ya kurudi inaishinda oili, na mkia unaruka juu baada ya kila tuta. Kuna jaribio la sekunde mbili: kandamiza kiti kwa uzito wako wote kisha achia. Mkia upande mara moja utulie. Ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, oili imekwisha kazi yake, au springi imezidi uwezo wake. Na kama unaona mafuta yametapakaa kwenye fimbo ya shokapu na vumbi limeshikamana nayo, usipoteze muda na vidato. Sili imekwisha, na kukaza ringi juu ya shokapu iliyokufa kunaongeza kuruka tu.

Halafu kuna wanaosema: uzito unabadilika kila safari, nani ana muda wa kuzungusha ringi kila anaposhusha abiria? Swali la haki. Sisemi kila safari. Dereva wa bodaboda anajua siku yake inavyokwenda kuliko mtu yeyote. Kama saa nyingi anatembea na abiria mmoja, apange kwa hali hiyo. Kidato cha tatu au cha nne kitamfaa, na akiwa peke yake atavumilia mkia ulio juu kidogo. Wa kubeba vifurushi vyepesi mjini abaki chini zaidi. Anayejua kesho alfajiri anakwenda kuchukua mzigo wa ndizi kijijini apandishe vidato usiku, akirudi ashushe. Kitu ambacho hakifai ni kuipandisha ringi hadi kidato cha tano na kuisahau huko. Rudi kwenye mfano wetu: dereva wa kilo 60 peke yake alikuwa anazama 28, ringi ikiwa juu kabisa anazama 13 tu, na gurudumu lake limebaki na nafasi finyu ya kufuata mashimo.

Kuhusu kuzungusha kwenyewe, niseme moja ambalo linawaudhi mafundi. Nyundo na bisibisi vinaweza kuisogeza ringi, ndiyo, na vinaila mikato yake hadi siku spana halali ikija haina pa kushika. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa ili uzito utoke kwenye springi, safisha tope kwa brashi, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, subiri, kisha tumia spana ya ndoano. Kulia na kushoto lazima viwe kidato kimoja. Ukiacha upande mmoja cha pili na mwingine cha nne, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unasukumwa kwa nguvu zisizolingana, na bushi zake zinaliwa upande. Ukimaliza, angalia cheni. Ulegevu wake unabadilika kadiri mkono huo unavyopanda na kushuka. Cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imekazwa mno mzigo ukishapanda. Ipime mtu akiwa amekaa. Na upepo wa tairi ufuate mzigo: kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu vitabu vya kiwanda vinataja kama psi 28 nyuma kwa dereva peke yake na 32 akiwa na abiria. Tairi ni springi ya kwanza kabla ya springi, na haina ringi isipokuwa pampu.

Shokapu za mbele nitazipitia kwa haraka, maana pikipiki nyingi za kazi hazina cha kuzungusha kule. Habari njema ni kwamba abiria na mzigo huangukia nyuma, hivyo mbele hakubadiliki sana. Kilichopo ni oili. Inachakaa, inakuwa nyeusi na nyembamba, na pikipiki inaanza kupiga mbizi kila ukishika breki. Ibadilishwe, kwa kiasi kile kile kila mguu. Kuna desturi ya kuzidisha oili ili mbele kuwe kugumu. Inafanya kazi kwa muda, kwa sababu hewa iliyo juu ya oili inapungua na kubanwa zaidi, kisha presha hiyo inazitoa sili na oili inatiririka kuelekea breki.

Sasa, mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja. Nimeombwa mara nyingi nisiligeuze kila zungumzo kuwa la sheria, na sitaligeuza. Abiria mmoja tu ndiye anayeruhusiwa, Tanzania na Kenya, na kila anayesikiliza anajua. Mimi nabaki kwenye hesabu. Tulikuwa na dereva na abiria wakizama 64 bila kugusa ringi. Ongeza abiria wa pili wa kilo 60, aliyekaa nyuma kabisa juu ya keria. Milimita 30 zaidi. Jumla ni 94, na gurudumu lina 90. Pikipiki hiyo imeishiwa nafasi ikiwa imesimama, injini haijawashwa. Panda hadi kidato cha tano, unapata 79, na kubaki na 11. Hakuna fundi wala springi ya nyongeza inayobadilisha hilo bila kuiharibu pikipiki kwa siku nzima iliyobaki. Ringi inasahihisha tofauti kati ya mtu na mtu, na kati ya mtu peke yake na mtu na abiria wake. Haikutengenezwa kwa familia.

Limebaki pingamizi moja ambalo vitabu vya kiwanda havilijui: pikipiki ni ya bosi. Dereva anapeleka hesabu jioni, mashine si yake, kwa nini aipige msasa? Anayeendesha kwa mkataba ana jibu mfukoni mwake, kwa kuwa tairi, spoki na shokapu zinazokufa kabla ya mkataba kuisha anazinunua yeye. Anayelipa hesabu ya siku ana jibu la mwili wake, maana mgongo hauna bosi. Lakini tatizo halisi liko kwa pikipiki yenye watu wawili, dereva wa mchana na deiwaka anayeichukua usiku. Wa mchana ana kilo 58, wa usiku ana 90, na ringi moja. Wakati wa kupokezana huwa wanaulizana mambo mawili, mafuta yamebaki kiasi gani na breki ya nyuma inashika vipi. Waongeze la tatu, ringi iko kidato cha ngapi, na spana ya ndoano ifungwe kwa waya chini ya kiti ili asiyepanga asiseme hakuiona.